Muulize Fundi: Gari la kifahari linalolia asubuhi

SWALI

Shikamoo fundi. Nina gari kubwa la saluni la Kijerumani la mwaka 2003, injini ya silinda nane, shokapu za hewa pande zote nne. Nililinunua miaka mitatu iliyopita likiwa na kilomita 168,000, sasa linasoma 212,000. Tangu baridi ianze limekuwa na kwaya yake. Nikiwasha kuna tak-tak-tak ya sekunde mbili hivi, kisha mkanda unapiga yowe. Nikizungusha usukani kitu kinalia ng'iii, na nikipita tuta, mbele kunalia kama mlango wenye bawaba kavu. Asubuhi nyingine nalikuta limeinama upande wa kushoto mbele, halafu pampu inanguruma muda mrefu mpaka linyanyuke. Ajabu ni kwamba nikishaendesha dakika ishirini, karibu kelele zote zinaisha.

Gereji ya kwanza waliniandikia shokapu zote nne, mikono yote ya suspensheni ya mbele, pampu ya usukani na cheni ya taimingi. Jumla inakaribia nusu ya bei niliyonunulia gari. Gereji ya pili fundi hakufungua hata boneti, alisema tu, "Uza." Nifanye nini?

Mpenda Starehe Aliyechoka

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole na hiyo kwaya. Barua yako ina sentensi moja inayozidi thamani ya karatasi yote uliyoandikiwa: ukishaendesha dakika ishirini, karibu kelele zote zinaisha. Sasa nikuulize, gereji ulifika saa ngapi? Nahisi ilikuwa saa nne au saa tano, gari limeshapata moto, na fundi akabaki kusikiliza simulizi yako badala ya kusikiliza gari. Hapo mwaminifu husema "sisikii kitu," na mwenye haraka huandika kila ulichokitaja.

Mimi gari la kelele za baridi silipokei mchana. Linakuja jioni, linalala gereji, na asubuhi hakuna anayeligusa mpaka niwe nimeinama mbele ya boneti na kijana wangu ameshika ufunguo. Mwasho wa kwanza ni mmoja tu kwa siku. Ukiupoteza, mpaka kesho. Fundi wako akikataa kulaza gari, basi weka simu karibu na gurudumu la mbele, rekodi kuanzia kabla ya kuwasha hadi dakika ya pili, umpelekee asikilize.

Kipuri kizima hakifi kwa usiku mmoja wa baridi. Ila raba ikipoa inakakamaa, oili inakuwa nzito, chuma kinasinyaa na betri inapungukiwa nguvu, kwa hiyo kilichokuwa kimechakaa kimyakimya tangu msimu wa joto ndicho kinachopaza sauti. Ndiyo maana sitazichukua kelele zako kwa mpangilio ulioandika. Nitaanza na ile ambayo wewe hukuihesabu kuwa kelele.

Gari linainama mbele kushoto. Hiyo ndiyo yenye haraka, na ndiyo inayokula pesa ukiichekea. Usiku, baada ya kuzima, chukua futi ya kupimia, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, andika. Asubuhi rudia kabla ya kufungua mlango wowote, maana kwenye magari mengi ya aina hii mlango tu ukifunguliwa kompyuta inaamka na kuanza kusawazisha. Hewa iliyofungiwa ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi sifuri hupoteza takribani asilimia 8 ya msukumo wake, kwa hiyo gari kushuka kidogo pembe zote kwa usawa ni baridi tu, lala usingizi. Mbele yote ikizama pamoja, shuku kwanza boksi la vali linalogawa hewa. Pembe moja ikizama peke yake, kama yako, hapo kuna tundu.

Tundu halitafutwi kwa kubadilisha shokapu nne. Linatafutwa kwa maji ya sabuni. Nyanyua gari kwa kitufe chake hadi kimo cha juu, weka stendi imara chini ya chasisi, na tafadhali usiingize kichwa kwenye nafasi ya tairi kabla ya stendi kukaa. Shokapu ya hewa inaweza kushuka bila kukuaga. Nyunyizia kwanza pale mpira wa hewa, yaani bomba jembamba linaloleta hewa, unapoingilia juu, kisha kwenye ule mkunjo wa raba unaojiviringisha kila gari linapopanda na kushuka. Halafu subiri. Mtu wa haraka hunyunyizia, akaangalia sekunde tatu, akasema hakuna kitu. Tundu la usiku mzima ni dogo: utaona kwanza doa jeupe kama chumvi, halafu linakuwa povu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, halafu linakua polepole kama linapumua. Nimewahi kukaa dakika sita nikitazama mkunjo mmoja kwa tochi kabla ya doa hilo kutokea. Likitokea kwenye kiungo cha juu cha mpira wa hewa, huenda umeponea kwenye kifaa kidogo cha shaba. Likitokea kwenye mkunjo, raba imepasuka nyuzi na shokapu hiyo imekwisha.

Hiyo. Moja. Ya upande wa kulia ni ya umri uleule na siku yake itafika, lakini kazi ya kila upande inafanywa peke yake, kwa hiyo hupotezi chochote kikubwa ukiisubiri. Shokapu zilizofanyiwa ukarabati na kufungwa raba mpya zipo na ni nafuu kuliko mpya. Mimi huzikubali zikiwa na dhamana ya maandishi, bila hiyo hapana. Na jua kwamba kampuni zinazoviundia viwanda vya magari vipuri, kama Bilstein na Lemförder, huuza pia kwenye boksi lao wenyewe. Mara nyingi nembo ya gari kwenye boksi ndiyo unayoilipia.

Haraka ninayoisema ni ya pampu. Pampu ya hewa imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Yako kila asubuhi inajaza ndoo iliyotoboka, inapata moto, ringi yake inalika, na siku moja itanyamaza. Ukifunga pampu mpya tundu likiwa palepale, umenunua pampu ya msimu mmoja. Ukiziba tundu mapema, huenda hii uliyonayo ikakufaa miaka. Badilisha rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, wakati huohuo: ni kipande kidogo cha bei ndogo, na meno yake yakiungua na kushikana pampu itazunguka mpaka ijiue.

Sasa mlio wa bawaba kavu. Huo ni wa bushi za raba au boljointi, na gereji iliyokuandikia mikono yote haikukosea mahali, imekosea idadi. Gari likiwa baridi, mtu mmoja alitikise mbele kwa uzito wake, mwingine aguse mkono mmoja mmoja wa suspensheni. Mlio unausikia kwa sikio lakini mtetemo unaupata kwa kiganja. Wenye kosa unatetemeka. Ukibaki na shaka kati ya bushi mbili, nyunyizia moja silikoni, tikisa tena. Ikinyamaza, ndiyo hiyo. Usitumie oili ya injini wala dawa ya kulegeza kutu. Zinanyamazisha wiki moja na kuivimbisha raba. Bushi peke yake hubadilishwa kwa presi na ni nafuu, ila boljointi ya mkono huohuo ikiwa imelegea nayo, nunua mkono mzima, kwani kazi ni ileile.

Na hapa msimamie fundi wako: bolti za bushi zikazwe kwa mwisho gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, kimo chake cha kawaida. Akizikaza magurudumu yakining'inia hewani, bushi itabaki imejikunja maisha yake yote na itachanika mapema mno. Nimeona mikono mipya ikirudi inalia ndani ya mwaka kwa kosa hili tu, na mwenye gari akilaumu kipuri. Baada ya hapo alamenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa, bila mjadala.

Usukani unaolia ng'iii ndiyo ulionitia adabu. Zamani nilimfungia mteja pampu mpya ya usukani kwa kelele kama yako. Kesho yake asubuhi akanipigia simu, hakusema neno, akaweka simu karibu na injini. Ng'iii. Kosa lilikuwa ringi ya raba, upana wa pete ya kidole cha mwisho, kwenye bomba linaloleta mafuta kwenye pampu. Kwenye baridi ilikuwa inakakamaa na kuvuta hewa. Ikipata moto inalainika na kuziba. Pesa ya kazi nilimrudishia, na pampu yake ya zamani haikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, fungua kifuniko cha mafuta ya usukani injini ikiunguruma baridi. Ukiona povu, kuna hewa inaingia, tafuta ringi na bana za bomba. Mafuta yakiwa meusi, yabadilishwe kwa aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote ya rangi inayofanana.

Mkanda ni mwepesi. Unapolia, mwagia maji kidogo upande wenye mifereji. Kelele ikikata kisha ikarudi, kuna puli haijakaa sawa au beringi yake inayumba. Ikizidi, mkanda unateleza na kikaza mkanda kimechoka. Usidanganyike kwa kuwa mkanda hauna nyufa, ya kisasa hulika mifereji bila kupasuka.

Tak-tak-tak naiacha mwisho kwa sababu hapo ndipo pesa kubwa ilipo, na sipendi mtu aandikiwe cheni ya taimingi kwa sekunde mbili za kelele. Kikaza cheni hutegemea msukumo wa oili. Usiku oili hushuka, na filta yenye vali mbovu ya kuizuia isirudi chini huifanya injini ianze ikiwa kavu kwa sekunde moja au mbili. Badilisha oili na filta nzuri kwanza. Umeweka oili gani? Kwenye 5W-40, herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na tarakimu iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inawahi kufika juu kukiwa na baridi: 15W hupimwa uwezo wa kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini. Mtu aliyekuuzia oili nzito "kwa sababu injini ni ya zamani" huenda ndiye aliyekuuzia na kelele. Fuata kitabu. Baada ya hapo, ikizidi sekunde tano, au ikirudi injini ikiwa na moto, zima gari na usiliwashe mpaka cheni iangaliwe. Na kama si mgongano wa cheni bali tiki nyembamba inayokwenda na mwendo wa injini na kufifia ikipata moto, tazama gasketi ya manifodi ya eksozi. Moshi ukivuja huacha masizi meusi pembeni.

Sasa pesa. Gari la kifahari hushuka bei kila mwaka, vipuri vyake havina habari hiyo; vinabaki na bei ya gari lilipokuwa jipya. Kwa hiyo kulinganisha matengenezo na bei uliyonunulia kutakutisha daima. Linganisha na gharama ya kumiliki gari lingine kwa mwaka mzima, ambalo nalo litakuja na kelele zake usizozijua. Kwangu mimi, mwezi huu ni tundu la hewa na rilei, oili na filta, na ringi ya usukani. Mikono miwili mitatu iliyothibitika, mwezi ujao pamoja na alamenti. Shokapu tatu zilizobaki ondoa kwenye karatasi.

Yule aliyesema "Uza" naye simkatalii moja kwa moja. Cheni ikithibitika imelegea, au ukikuta kutu imekula chasisi pale mikono inaposhikilia, mpigie simu mnunuzi, na umwambie ukweli wa gari.

SWALI

Fundi, gari langu ni la zamani kidogo, la petroli. Nikiwasha asubuhi kuna mngurumo kama mashine ya kufagilia zulia, dakika moja hivi, kisha kimya. Niliogope?

JIBU

Usiliogope, kaka. Hiyo ni pampu inayosukuma hewa kwenye eksozi ili mabaki ya petroli yaungue na kichujio cha moshi kipate moto upesi. Hufanya kazi injini ikiwa baridi tu. Ikianza kukwaruza kama imejaa changarawe, maji yameingia na beringi inakwenda.

SWALI

Shikamoo. Asubuhi breki zangu zinakwaruza, baadaye zinaacha. Nilishabadilisha pedi mwaka jana.

JIBU

Marahaba, dada. Ni umande na kutu nyepesi juu ya disku. Breki tatu nne za kwanza zinaifuta. Mkwaruzo ukiendelea hata ukifika uendako, vua gurudumu upime pedi. Chini ya milimita 3 hazina maisha.