Bajeti si makuta: madarasa sita kwenye karatasi, matatu bila paa

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne na mjumbe wa komiti ya wazazi (COPA) ya shule ya msingi ya serikali, katika komini ya pembeni mwa Lubumbashi inayopata redevansi ya madini, yaani ada inayolipwa na makampuni ya migodi. Bajeti ya komini ya mwaka jana iliandika franga zenye thamani ya kama dola 96,000 za kutujengea madarasa sita. Leo kuna matatu tu, kuta zimefika kwenye linto (boriti ya juu ya milango na madirisha), paa hakuna. Burugumesta, mkuu wa komini, anasema makuta (pesa) hayakuingia yote. Bwana mmoja ametuletea fotokopi ya bajeti hiyo, anasema ni ushahidi tosha kwamba wamekula, na anataka dola 150 apeleke dosie Kinshasa kwa watu anaowajua. Wazazi wamekwisha kuchanga 110. Tumpe? Na bajeti hiyo inatosha kuwashitaki?

JIBU: Mama, msimpe hata franga moja. Na bajeti haitoshi.

Mnisamehe nikijibu kwa ukali. Fotokopi ya namna hiyo naletewa karibu kila mwezi na komiti za wazazi, kutoka Katuba, Ruashi, hata Kipushi, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha kama cheti cha ubatizo. Nimekagua hesabu za serikali miaka kumi na tisa. Sijaona mwizi hata mmoja akifungwa kwa karatasi ya bajeti. Waliosafishwa nayo nimewaona wengi.

Bajeti ni ruhusa. Mama mwenye nyumba akiandika asubuhi unga wa bukari, mafuta, makala na sabuni, na mshahara haujafika, orodha hiyo bado si makuta mfukoni. Jioni ukikuta makala hayapo, huwezi kumwita mwizi kwa sababu tu yaliandikwa. Komini ni vilevile. Mstari wa "madarasa sita" unampa burugumesta haki ya kutumia mpaka kiasi fulani kwa kazi hiyo, makuta yakiingia. Mkimshitaki kwa mstari huo, wakili wake atasimama dakika mbili, atasema mapato hayakutimia, na shauri litakufa hapohapo. Kisha atapita kartieni akisema wazazi walimsingizia. Hata kama alikula kweli, mmemwandikia ninyi wenyewe cheti cha usafi.

Kati ya mstari huo na makuta kutoka benki kuna hatua nne. Ofisini wanazitaja kwa Kifaransa, basi mkienda kuuliza tumieni majina hayohayo wasiwazungushe. Engagement: komini inajifunga, inatia sahihi mkataba na mjenzi. Liquidation: mtu anahakikisha kazi imefanyika na kupiga hesabu ya deni halisi. Ordonnancement: burugumesta anaamuru lilipwe. Paiement: mshika fedha wa komini analipa. Tatu kati ya hizo zinaweza kumalizika mezani, kwa kalamu na muhuri. Ya pili inataka miguu. Lazima mtu atoke ofisini, afike shuleni, asimame mbele ya ukuta na kuupima. Mara nyingi nilipokuta makuta ya shule yameibiwa, yaliibiwa hapo.

Karatasi ya hatua hiyo inaitwa décompte, mafundi wanasema dekonti. Ina mistari ya kazi zote: msingi, kuta, linto, paa, lipu, milango. Kila mstari unaonyesha kiasi kilichoahidiwa kwenye mkataba, kiasi kinachodaiwa kuwa kimefanyika, bei na jumla. Mtu yeyote anayejua kusoma na kuhesabu madirisha anaweza kuilinganisha na jengo.

Naikumbuka moja ya shule ambayo sitaitaja. Dekonti namba 2 iliandika kwamba paa limekwisha, 100 kwa 100, mabati namba 28. Nilifika asubuhi, na paa kweli lilikuwepo, linang'aa. Nilipanda ngazi, nikabana ukingo wa bati kwa vidole viwili, likakunjika kama jalada la daftari. Lilikuwa namba 32, na kwa mabati namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba. Mlinzi wa shule, mzee mmoja mwenye koti la mvua, alikuwa amenishikia ngazi. Akaniambia, "Hilo sisi tulilijua siku ya mvua ya kwanza. Lilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kufundisha." Mwaka mzima alikuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwonyesha karatasi iliyosema 28.

Sasa turudi kwenu. Kama dekonti zilizolipwa zinasema madarasa matatu mpaka linto, basi pale ukutani hakuna kilichoibiwa, na swali linahamia kwenye mapato. Kama zinasema sita, au zinataja paa, hapo mna kesi ambayo wakili hataiua kwa dakika mbili, kwa sababu mtu fulani aliyetajwa jina ametia sahihi kwamba aliona kitu ambacho hakipo. Ulizeni pia kama kuna PV (taarifa rasmi yenye sahihi) ya mapokezi ya muda, ile inayosema jengo limepokelewa. Na kabla ya kwenda komini, mwulizeni direkta wa shule na mwenyekiti wenu wa COPA, kwa utulivu, kama wao wamewahi kutia sahihi karatasi yoyote ya mjenzi. Nimekuta sahihi za wazazi kwenye PV za majengo yasiyo na milango. Waliambiwa ni listi ya waliohudhuria.

Kuhusu "makuta hayakuingia": inawezekana ni kweli, na inapimika. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa redevansi hivi: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini au sekta au usheferi ambako mgodi unachimba, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa 3.5 kwa 100 ya thamani yake ya biashara. Basi mgodi ukiuza shaba ya dola 1,000,000, redevansi ni dola 35,000 na fungu la komini ni 5,250. Kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, inatozwa 10 kwa 100. Mgodi ukikanyaga ardhi ya komini mbili, fungu linagawanywa. Ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, ambazo nchi yetu inatoa, zinaweka malipo ya makampuni hadharani, na kila mtu anaweza kuzisoma bila kulipa. Huja zimechelewa, lakini mwaka jana nao utafika.

Kuna kapu la pili ambalo watu hulichanganya na hilo. Sheria hiyohiyo inaidai kila kampuni inayochimba angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi wa karibu. Makuta hayo hayapiti kwenye bajeti ya komini. Ulizeni kama madarasa yenu yameandikwa na huko pia. Jengo moja likionekana kwenye makapu mawili, mtakuwa mmepata jambo zito kuliko lile mlilokuja nalo.

Mishahara ya walimu msiiingize katika barua hii. Katiba, kifungu cha 204, inaweka shule za msingi na sekondari mikononi mwa mikoa, lakini listi ya mishahara bado inatoka Kinshasa, kwa DINACOPE, ofisi ya serikali inayoandaa mishahara ya walimu. Burugumesta hana kauli hapo, na mkimwuliza atafurahi sana kuwajibu hilo tu na kuacha mengine.

Nije kwa huyo bwana wa dola 150. Sitaki kumjua jina, maana wapo wengi na wanafanana. Anawauzia karatasi ambayo baraza la komini linajadili wazi na ambayo haithibitishi lolote. Dosie akiipeleka Kinshasa, itafika bila dekonti, bila vipimo, bila sahihi ya anayelalamika, na itawekwa chini ya nyingine. Mara nyingi haiendi popote: anampitia burugumesta mlango wa nyuma na kumwuzia habari kwamba wazazi wanajipanga. Nimeyaona hayo mara mbili kwa macho yangu, na mara zote mbili dekonti zilipotea faili nzima kabla hatujafika.

Watu haohao ndio wanaouza "namba", yaani nafasi kwenye listi ya mishahara, kwa shule mpya. Direkta ana walimu wa NP, wasiolipwa na serikali, wanafundisha miaka bila mshahara. Anakuja mtu amevaa suti, anasema ataingiza shule kwenye listi kwa wiki tatu, anataka kila mwalimu achange. Walimu wanakopa, wengine wanauza simu. Njia hiyo ya mkato ndiyo iliyoharibu listi yenyewe. Mwaka 2020 Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF) ulipoingia SECOPE, ofisi iliyotangulia DINACOPE, ulikuta shule na walimu wasiokuwepo wakilipwa, na mwaka uliofuata wakubwa wawili wa sekta ya elimu walihukumiwa. Kila shule hewa iliyopenya kwa rushwa ilikaa kwenye kiti cha mwalimu wa kweli anayengoja. Anayewaambia wazazi au walimu kwamba makuta ya shule yanafuatiliwa kwa kujuana anawafundisha njia ileile iliyoyaibia. Mfukuzeni uani, hata akija na shefu wa kartie, hata akiwa mtoto wa parokia yenu.

Barua andikeni wenyewe. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Mwenye mamlaka anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kumshitaki mtu kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Msiandike neno "mwizi", wala "kula". Ombeni mkataba na mjenzi pamoja na orodha yake ya bei, dekonti zote zilizolipwa, uthibitisho wa benki wa kila malipo, na PV ya mapokezi kama ipo. Ukurasa wa pili wekeni vipimo vyenu: urefu wa ukuta kwa mita, idadi ya madirisha, picha zenye tarehe. Fundi mwashi mzazi hamkosi kwenye shule yenu, na yeye atapima bure.

Nakala moja pelekeni sous-division ya elimu (ofisi ya elimu ya eneo lenu), nyingine kwa washauri wa komini. Hao walichaguliwa Desemba 2023, mara ya kwanza chini ya Katiba hii, na bajeti ni kazi yao kuijadili na kuifuatilia. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mzazi hata swali moja la dekonti. Barua ya burugumesta ipelekeni watu watatu, msiondoke mpaka sekretari apige muhuri na tarehe kwenye nakala yenu. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia muhuri huo.

Halafu zile dola 110. Kila mzazi arudishiwe chake, atie sahihi mbele ya jina lake, na daftari hilo lisomwe kwenye mkutano mkuu wa wazazi kabla barua haijaondoka. Burugumesta akijibu, swali lake la kwanza litakuwa mliyapeleka wapi makuta mliyochangisha.