Kila asubuhi anavaa sweta ya shule

SWALI: Mwalimu, habari. Naishi Kayole na watoto wangu wawili. Kijana ana miaka 9, ana usonji, haongei sana, na alikuwa kwa kitengo maalum cha shule ya msingi hapa karibu mpaka shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona. Sasa kila asubuhi anavaa sweta anasimama mlangoni, nikimwambia hakuna shule anagonga kichwa kwa ukuta hadi majirani wanatoka. Edu TV, ile chaneli ya masomo, hakai hata dakika mbili. Mwalimu wake hutuma video kwa WhatsApp, nanunua bando, na yeye anataka tu kubonyeza irudi mwanzo. Juzi tumesikia shule hazifunguliwi mpaka Januari 2021. Si atasahau kila kitu? Ama niache tu?
Mama wawili, Kayole

JIBU: Pole sana mama. Wacha nianze na sweta. Kijana wako anajua sweta ni shule, na wewe unamwambia "hakuna" huku imening'inia hapo kwa msumari, sasa aamini gani? Ifiche kabisa, chini ya nguo zako huko. Alafu mpe kitu kingine cha kuvaa cha kuonyesha siku imeanza, hata kofia. Kata katoni uchore picha nne, kunawa, chai, kazi, kucheza, kila moja ikiisha aigeuze mwenyewe. Usijali uchoraji, mimi niliwahi kuchora kikombe mwanafunzi akasema ni sufuria, na chai alikunywa. Akianza kugonga kichwa weka mto katikati, usipige kelele, na akijiumiza vibaya ama atapike, hospitali siku hiyo hiyo.

Edu TV na redio nazo, tuseme ukweli, ni za mtoto wa kukaa akasikiza. Zima bila kujilaumu. Kwenye CBC, huu mtaala wa shule zetu, watoto kama wako wana njia yao ambayo haifuati gredi, wanaenda kwa hatua, na shughuli za maisha ya kila siku kama kuvaa, kula, kunawa, hizo ni somo kamili kama vile mwenzake anafanya hesabu. Kwa hivyo ukimfunza soksi tayari umeingia darasani.

Soksi unaifunza kuanzia mwisho. Vuta wewe mpaka ipite kisigino, yeye amalizie kuipandisha, hiyo tu wiki nzima. Akizoea unaachia kabla ya kisigino, baadaye kwa vidole. Wengi huanza na mwanzo, mtoto anachoka kabla hajaona imeisha anaitupa, lakini hivi kila siku yeye ndiye anamaliza na unampigia makofi.

Kusahau, sitakudanganya, kuna vitu vitapotea, hasa kupanga laini na kukaa na wenzake. Choo na kuomba anachotaka usiviachilie, hivyo virudiwe kila siku hata kama umechoka.

Na hizo video mwambie mwalimu apumzike nazo. Badala yake akupigie wewe dakika kumi jioni, umwonyeshe mahali umekwama. Mwambie pia apige picha ule mpango wa masomo wa mtoto, IEP, akutumie, maana huko ndiko malengo yake yako na wazazi wengi hawajawahi kuuona. Kama hakupimwa EARC, kile kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kabla ya kuingia kitengo, hilo nalo ulifuatilie.

Huyo mtoto mwingine hukusema ana miaka mingapi. Anaweza kushika zamu ya katoni ulale hata saa moja? Niandikie.