Chumvi kwenye sabuni, chumvi kwenye polima

Mwalimu, natengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Nikitia chumvi inakuwa nzito vizuri, nikizidisha inarudi kuwa nyepesi. Au nimeuziwa chumvi mbovu? – Mama Sabuni, Kayole

Chumvi yako haina neno, mama. Molekuli za ungarol, kile kiungo kinachotoa povu, zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa nyingi hujikusanya zenyewe, mikia ndani vichwa nje, zikafanya vitufe viitwavyo miseli. Vichwa vina chaji hasi, vinasukumana, na msukumano huo ndio unaofanya umbo libaki la mviringo. Sodiamu ya chumvi huupunguza. Vichwa vikisogeleana, vitufe hurefuka na kusokotana kama tambi, na hapo ndipo sabuni inapokuwa nzito. Ukizidisha, hizo nyuzi huota matawi yenye maungio yanayoteleza, na sabuni inalegea. Kwa hiyo pima chumvi na uitie kidogo kidogo. Wanaotia kwa kukadiria macho ndio wanaomwaga mitungi.

Mhadhiri anasema polima pia hujijenga zenyewe, na mtu anaweza kuchagua umbo. Kivipi? – Mwanafunzi, Chiromo

Nusu ya jibu iko hapo juu. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo. Chukua moja ya vipande viwili: polistirini inayoyakataa maji na asidi ya poliakriliki inayoyapenda. Iyeyushe katika kiyeyushi kinachovikubali vyote viwili, kisha ongeza maji polepole. Polistirini hujificha katikati, chembe zinajiunda.

Mwaka 1996, Lifeng Zhang, Kui Yu na Adi Eisenberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba kwa polima ileile, chumvi au asidi kidogo hugeuza vitufe kuwa vijiti, kisha vifuko vyenye uwazi ndani. Ninachokipenda zaidi ni vipimo. Chumvi ya kawaida ilihitajika kwa milimola kwa lita. Kloridi ya kalsiamu au asidi ya hidrokloriki ilitosha kwa mikromola, yaani sehemu za elfu za milimola. Sodiamu hufunika tu chaji, ilhali kalsiamu yenye chaji mbili hushika vikundi viwili vya asidi kwa mpigo, na haidrojeni ya asidi huizima chaji yenyewe.

Na nikitaka vitufe virudi? – Huyohuyo

Ongeza polistirini tupu tangu mwanzo. Huingia katikati ya chembe, minyororo haihitaji tena kujinyoosha ili kuijaza nafasi, na tufe linawezekana. Lakini wahi. Maji yakishakuwa mengi, polistirini huganda kama kioo, na hapo nyongeza yoyote imechelewa.

Umbo lina faida gani kwetu sisi wagonjwa? – Msomaji, Umoja

Chembe hizi zinaweza kubebeshwa dawa, na umbo linaweza kuamua zitazunguka mwilini kwa muda gani. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliripoti kwamba miseli ndefu za polima zilidumu katika damu ya panya hadi wiki moja, takriban mara kumi ya zile za duara. Ni panya, lakini. Usiende kuziulizia kwa mfamasia.

Naweza kujaribu hizo za polima jikoni? – Kijana, Kangemi

Hapana. Kiyeyushi kinachotumika sana hupenya ngozi na kuumiza ini. Tena ungeona tu maji yaliyofanya utusitusi wa maziwa. Kutambua kijiti na kifuko kunataka hadubini ya elektroni. Anza na sabuni ya Mama.