Kabla hujaagiza skii Ulaya, uliza zimetengenezewa wapi

Aliyewahi kuagiza gari Japani anajua kwamba bei ya kwenye tovuti siyo bei ya gari. Kuna meli, kuna forodha, kuna wakala, na kuna yule jamaa wa bandarini ambaye kila siku anakwambia "kesho". Nayajua yote hayo, na bado mwaka juzi, nikiwa hapa Calgary, Kanada, niliagiza skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kutoka duka la Austria bila kuuliza swali hata moja.

Kilichonivuta ni kodi. Bei za maduka ya Ulaya huwa zimeshabeba VAT, ambayo Austria ni asilimia 20, na maduka mengi huitoa mzigo ukienda nje ya Umoja wa Ulaya. Huku kwetu, jimbo la Alberta, hatuna kodi ya mauzo ya jimbo, tunalipa ile ya shirikisho tu, asilimia 5. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha, nikajiona mjanja.

Kumbe kampuni za usafirishaji hazitazami uzito peke yake, zinatazama na nafasi ambayo mzigo unakula. Boksi langu lilikuwa sentimita 190 kwa 20 kwa 15. Zidisha, kisha gawa kwa 5,000 kama wengi wao wanavyofanya, unapata kilo 11.4. Skii zenyewe hazikufika kilo 6. Yaani nililipia hewa. Halafu mlangoni nikadaiwa ada ya kutoa mzigo forodhani.

Ushuru nao una mambo yake. Mkataba wa biashara wa Kanada na Umoja wa Ulaya, unaotumika tangu Septemba 2017, unapunguza au kufuta ushuru wa bidhaa zilizotengenezwa Ulaya. Kutumwa tu kutoka Ulaya hakutoshi. Na jina la kampuni litakupoteza. Nordica ni ya Waitaliano, lakini skii zake nyingi hutengenezwa Mittersill, Austria, kiwanda kimoja na za kampuni ya Blizzard. Head wana ofisi Kennelbach, Austria, ila skii zao nyingi hutengenezwa České Budějovice, Jamhuri ya Cheki. Fischer wana Ried, Austria, na pia Mukachevo, Ukraine, kiwanda kilichoungua Oktoba 2020. K2 ilizaliwa kisiwa cha Vashon, Marekani, lakini kazi ilihamia China zamani. Völkl bado wako Straubing, Ujerumani, na Elan wako Begunje, Slovenia. Stöckli wako Malters, Uswisi, na Uswisi haimo kwenye Umoja huo, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Mwandikie muuzaji akutajie nchi iliyoandikwa kwenye skii yenyewe.

Sisemi za China ni mbovu. Skii ni tabaka za mti, nyuzi za kioo, na wakati mwingine bati jembamba la aloi ya alumini, zikagandishwa kwa gundi ya epoksi na kubanwa kwenye joto. Ukifanya vizuri, popote patafaa. K2 za mke wangu zimekula mawe ya Nakiska, mlima wa skii karibu na Calgary, misimu mitatu na bado ziko imara.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye bindingi, vile vifaa vinavyoshika buti. Skii zangu kiunoni, yaani pale katikati zinapobana, zina upana wa milimita 96, nami nikaagiza bindingi zenye breki za milimita 85, vile vyuma vinavyozuia skii isikimbie ikivuka mguuni, kwa sababu zilikuwa na punguzo. Fundi aliziweka juu ya skii, akanitazama kimya kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa pungufu. Breki lazima zipite kingo za skii pande zote mbili. Nikanunua breki za 100.

Usijaribu kuzifunga mwenyewe. Fundi anahitaji uzito wako, urefu, umri na urefu wa soli ya buti ndipo apange nguvu ya bindingi kuachia buti ukianguka, la sivyo mguu ndio utakaoachia. Piga simu kwanza, maana yako maduka yasiyogusa bindingi ambazo mtengenezaji amezitoa kwenye orodha ya zile anazozikubali bado. Uliza pia nani atalipa nauli ya kurudisha skii zikibanduka ndani ya muda wa dhamana.

Buti usiagize kabisa. Nenda dukani ukavae.

Mwisho wa yote niliokoa kama dola 40. Breki za 85 bado ziko kabatini. Nimezitangaza tangu Machi na hajapiga simu hata mtu mmoja.