Majibu kwa Wasomaji: Kijapani kinavurugika kila tukijibu barua pepe

SWALI: Nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari hapa Ngamiani, Tanga. Muuzaji wetu wa Japani hutuandikia kwa Kiingereza, ila majina ya vipuri huyaweka kwa Kijapani. Barua ikiingia inasomeka sawasawa. Nikimjibu, au nikimfowadia wakala wa forodha kule bandarini, herufi zinavurugika: mara ????, mara $B%V%l!<%-(B, mara ãƒ–ãƒ¬ãƒ¼. Wakala kashikilia kwamba kompyuta yetu ina virusi.

JIBU: Virusi havimo. Tena umefanya vyema kunakili fujo yenyewe, maana hayo matatu si ugonjwa mmoja.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Jedwali ndilo linalosema namba ipi ni herufi ipi. Kijapani kina majedwali kadhaa: Shift_JIS lililozoeleka kwenye Windows, EUC-JP la mashine za Unix, ISO-2022-JP lililotawala barua pepe kwa miaka mingi, na UTF-8 la siku hizi, linalobeba karibu maandishi yote ya dunia. Barua huja na mstari uliofichika unaotaja jedwali lake, ndiyo maana ikiingia inasomeka. Ukijibu, programu yako huiandika upya kwa jedwali inalolipenda yenyewe.

Alama za kuuliza ndizo mbaya kuliko zote. Programu imetuma kwa jedwali la Ulaya Magharibi, lenye nafasi 256 tu, herufi ya Kijapani ikikosa nafasi, huwekewa "?" na namba yake ya awali hufutwa. Hapo hakuna fundi wa kuirudisha, awe wa barabara ya ngapi. Rudi kwenye barua ya kwanza uliyopokea.

Ile ya $B, kinyume chake, bado iko hai. Ni ISO-2022-JP, ambalo huingia kwenye Kijapani kwa alama isiyoonekana, namba 27, ikifuatwa na $B, kisha hutoka kwa 27 nyingine na (B. Mtambo mmoja njiani umezitupa hizo 27. Katikati hapo, kila alama mbili ni herufi moja: %V ni ブ, %l ni レ, !< ni ー, %- ni キ. Ukiziunganisha unapata ブレーキ, breki hizohizo mnazouza. Ukirudisha 27 mbele ya $B na mbele ya (B kwa programu ya kuhariri maandishi, kisha ukalifungua faili kama ISO-2022-JP, neno linarudi.

Ya tatu ni UTF-8 iliyosomwa kwa jedwali la Ulaya Magharibi. Katakana moja (herufi ya Kijapani kama ブ) huchukua baiti 3, yaani namba tatu, na ya kwanza huonekana kama ã, ndiyo maana zimejaa. Kwenye programu ya barua pepe ya Thunderbird fungua "View" ubonyeze "Repair Text Encoding". Usiijibu barua ikiwa katika hali hiyo: programu itaziona ã kuwa herufi halali na kuzituma hivyohivyo, na mpokeaji hatakuwa na kitufe cha kuzirekebisha.

Kwa barua zijazo, kwenye Outlook ya kawaida ya Windows pita "File", "Options", "Advanced", ushuke hadi "International options". Ondoa tiki kwenye uchaguzi wa jedwali wa kujiendesha, kisha kwa barua zinazotoka chagua Unicode (UTF-8). Jaribu kwa barua moja, halafu ifungue nakala yake kwenye "Sent". Ikiwa imeharibika humo, kosa ni la mashine yako. Ikiwa salama humo na wakala akaona fujo, shida iko mbele yako, yumkini kwake yeye mwenye virusi vyake.

Wakala mfowadie barua kama kiambatisho (Ctrl+Alt+F kwenye Outlook). Barua husafiri ikiwa nzima, na ule mstari wa jedwali ndani yake.

SWALI: Kichwa cha barua kinasomeka =?ISO-2022-JP?B?GyRC… na kwenye kompyuta moja naona vibox vitupu tu. Msomaji, Bagamoyo.

JIBU: Vibox ni kukosa fonti, jedwali halina kosa. Weka fonti ya Kijapani, kwa mfano Noto Sans CJK. Kichwa hicho kiko salama ila hakijafunguliwa: B ni Base64, njia ya kufunga namba ndani ya herufi za kawaida, na GyRC ndiyo ile 27 na $B zikiwa zimefungwa. Kwa kawaida huonekana hivyo kichwa kinaponakiliwa kikiwa bado ghafi au kinapokatwa katikati. Kinakili chote, hadi ?= ya mwisho, ndipo kifunguke. Na muuzaji mwombe aache ① na ㈱: hazimo kwenye jedwali rasmi la JIS X 0208 ambalo ISO-2022-JP hulitumia, hivyo huharibika hata pale herufi nyingine zote zinapopita.