Hesabu hazikumharibu mwalimu wenu: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako niliusoma nikaona simu haitatosha. Unaniuliza kuhusu mhadhiri aliyekufundisha hesabu, yule aliyerudi na shahada ya uzamivu akiwa bado kijana, ambaye siku hizi anaonekana stendi, peku, amevaa koti la suti, akibishana na mtu asiyeonekana. Wanafunzi wanasema amedata. Wazee wa mtaani wanasema shule imemzidi. Nawe unataka nikuambie mambo mawili: kama ni kweli akili nyingi humgeukia mwenyewe, na mtu mwenye kichwa kile alishindwaje kujua kwamba anaumwa.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili tangu hujazaliwa. Kazi nilijifunzia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyojengwa mwaka 1927, na maneno hayo ya "shule imemzidi" nimeyasikia getini kutoka kwa ndugu wengi waliomleta mgonjwa wao. Huyasema kwa uchungu na kwa mapenzi. Lakini yameumiza watu. Ukiamini kwamba vitabu ndivyo vilivyomharibu kijana, utavificha, utampeleka kijijini "akapumzishe kichwa", na utakaa unasubiri. Miezi inakwenda, na ugonjwa huu kila unapoachwa muda mrefu bila dawa unazidi kuwa mgumu kuutibu.

Tazama umri kwanza. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, ambao kwa ulivyonieleza ndio ningeufikiria mwanzo (ingawa kumpima mtu kwa barua si kazi ya muuguzi), humpata karibu mtu mmoja katika kila 100. Kwa wanaume huanza zaidi kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, wakati mwingine thelathini. Huo ndio umri wa kidato cha sita, wa chuo, wa ajira ya kwanza. Kijana msomi akiugua, watu wanaona vitabu mkononi mwake na wanavikamata vitabu. Nimeuguza wavuvi, makondakta na vijana wa bodaboda waliougua umri uleule, wakisikia sauti zilezile, na sijapata kusikia mtu akisema uvuvi umempanda kichwani. Uchunguzi mkubwa wa vijana wa Sweden walioandikishwa jeshini ulionyesha kinyume cha wanavyodhani watu: waliopata alama za chini kwenye majaribio ya akili ndio waliougua skizofrenia zaidi. Ugonjwa ule mwingine, wa hisia kupanda mno na kushuka mno, una habari tofauti kidogo, kwani hukohuko Sweden ulionekana zaidi kwa waliofaulu sana shuleni, na pia kwa waliofeli sana. Hata hapo hakuna aliyethibitisha kwamba kusoma ndiko kulikouleta. Bangi nzito ya kila siku naihofia kuliko maktaba yoyote.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo gumu, nitakujibu kwa habari za mtu wa fani yako.

John Nash alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa 1928. Mwaka 1950 alipata shahada ya uzamivu pale Chuo Kikuu cha Princeton kwa andiko la kurasa zisizofika 30, na yale aliyoandika humo wanauchumi wanayatumia hadi leo. Mwanzoni mwa 1959 alikuwa na miaka 30, anafundisha chuo kikuu cha MIT, ameoa mwanafizikia mzaliwa wa El Salvador aitwaye Alicia, na mke ana mimba. Ndipo alipoingia kwenye chumba cha walimu na gazeti mkononi, akawaambia wenzake kwamba viumbe wa anga za mbali wanamtumia ujumbe wa siri kupitia habari zilizochapishwa mle. Wapo waliodhani anatania. Chuo Kikuu cha Chicago kilipompa nafasi ya heshima, aliikataa kwa sababu alikuwa anatarajia kuwa mfalme mkuu wa Antaktika. Kabla ya katikati ya mwaka alikuwa amelazwa hospitali ya McLean karibu na Boston, kisha akaacha kazi MIT, akaenda Ulaya kuhangaika aukane uraia wake. Mwaka 1961 alilazwa hospitali ya serikali huko Trenton, na huko wakamtibu kwa kumzimisha na insulini, tiba ambayo leo hatuitumii, na nashukuru hatuitumii.

Mwanahisabati mwenzake alipomtembelea McLean alimuuliza lilelile unaloniuliza wewe: mtu anayeishi kwa mantiki na uthibitisho, uliwezaje kuamini habari za viumbe wa angani? Nash akamjibu kwamba mawazo yale yalimjia kwa njia ileile yalivyomjia mawazo yake ya hesabu, na kwa hiyo aliyachukulia kwa uzito uleule.

Nataka ukae na jibu hilo. Mwalimu wako, kanuni inapomjia usiku, hana mtu wa pembeni wa kumwambia kwamba hii ni kweli. Anaijua kwa uhakika unaotoka ndani. Sauti inayomwambia kwamba wakuu wa idara wamefunga mitambo kwenye dari yake inakuja na uhakika huohuo. Kiungo ambacho kingemwambia "unaumwa" ndicho kinachoumwa. Malaria ya kawaida haikuzuii kujua kwamba una malaria, lakini huu unaweza kukuzuia. Ndiyo maana kubishana naye hakufai. Na mwenye akili nyingi ni mgumu zaidi hapa, maana hoja zake za kujitetea zinakuwa nzuri kuliko za ndugu zake. Nimewaona wanasheria na waalimu wakiishinda familia nzima kwa maneno, wakatoka nje kwa miguu yao, wakarudi baada ya miezi wamekonda.

Kuna jambo jingine linalowaangusha wasomi kutoka juu zaidi. Dalili zao za mwanzo husamehewa. Fundi seremala akiacha kuoga na kuanza kukesha akiandika ukutani, mkewe ataita watu wiki hiyohiyo. Profesa akifanya hivyo wanasema ndivyo walivyo watu wa hesabu. Ulinieleza mwenyewe kwamba muhula mzima alikuwa anaingia darasani amevaa shati lilelile, anafuta ubao anaanza upya, na nyinyi mkacheka kwa heshima. Hamkuwa na ubaya, hamkujua. Halafu siku ilipokuwa haiwezekani tena kuvumilia, chuo kikamwandikia barua ya utoro kazini na mshahara ukasimama. Nililia niliposoma hapo. Mtu amekatiwa bima, mshahara na watu wa kuzungumza nao, siku alipovihitaji vyote. Katika sheria zetu za kazi kushindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa ni jambo moja na utovu wa nidhamu ni jambo jingine, lakini asiyejua kwamba anaumwa hawezi kupeleka cheti cha daktari. Lazima mtu ampelekee.

Kwa Nash, mtu huyo alikuwa Alicia. Walitalikiana 1963, na nani angemlaumu, akiwa na mtoto mdogo na mume aliyemshuku. Lakini 1970 akampokea tena nyumbani kwake. Hakumchukua kama mume. Alimchukua kama mpangaji, ili asiishie barabarani. Akafanya kazi, akalisha nyumba. Na watu wa Princeton wakamwacha azunguke kwenye jengo lao la hesabu, atumie maktaba, aandike ubaoni mambo yasiyoeleweka. Wanafunzi walimwita mzuka wa jengo lile, ila hakuna aliyemfukuza. Miaka ikapita, akaanza kuyakataa mawazo yale moja baada ya jingine, na mazungumzo yakarudi. Mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wengine wawili. Alimwoa Alicia upya 2001, na walikufa pamoja katika ajali ya teksi Mei 2015, wakitoka Norway alikopokea tuzo nyingine ya hesabu.

Usimwambie mama yake mwalimu habari hizi ukakomea hapo. Nash aliacha dawa baada ya 1970 na akapona taratibu bila dawa, lakini hao ni wachache, na hata yeye alipoteza zaidi ya miaka 20. Wagonjwa wetu wanaoacha dawa wengi hurudi wodini. Dawa zinachosha, hilo nakubali: mikono inatetemeka, shingo inakakamaa, kichwa kinakuwa kizito, na mtu aliyeishi kwa kufikiri haraka anaona ameibiwa. Akilalamika hivyo asikilizwe, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kumwambia "meza tu" ndiyo njia ya kumfanya afiche vidonge chini ya ulimi.

Kuhusu mtoto mdogo wa mwalimu wako, ambaye majirani wameanza kumnyooshea kidole. Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, mtoto ana uwezekano wa kama 10 katika 100. Ni zaidi ya wengine, lakini 90 hawaugui. Nash alikuwa na wana wawili, wa mama tofauti. Mdogo aliugua kama baba yake, na bado alipata shahada ya uzamivu ya hesabu. Mkubwa hakuugua.

Umesema Jumamosi mnakwenda nyumbani kwao na wenzako wawili. Nendeni, lakini msiingie kama kamati. Usimwambie sauti hazipo, wala usijifanye unazisikia. Muulize kama analala, maana usingizi hata asiyekubali kwamba anaumwa hukubali kwamba umempotea, na mara nyingi huo ndio mlango wa kumfikisha kliniki. Ukiwa na swali la kweli la hesabu, muulize pia. Mama yake muulize kando kama keshapelekwa kwa waombeaji au kwa mganga, na usimgombeze akikubali. Mwambie anaweza kuendelea kuomba na bado akampeleka hospitali ya mkoa, wana kliniki ya afya ya akili, na kwa wasiopenda vidonge ipo sindano ya mwezi. Akianza kutishia kujidhuru au kumdhuru mtu, hiyo ni siku ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari akishaandika ripoti, nakala ifike chuoni kabla kikao chao cha nidhamu hakijakaa, na mmoja wenu aipeleke kwa mkono, asainiwe kwamba imepokelewa.

Nitumie jina la muuguzi mtakayemkuta kliniki, huenda nimewahi kufanya naye kazi. Baba yako anakusalimu, anauliza kama ile hela ya kodi imetosha.

Mama yako