Kwenda Hilbre kwa miguu: usikate njia

Ndugu, umeuliza kama unaweza kutoka mji wa Hoylake kwa miguu, bahari ikipwa, moja kwa moja hadi kisiwa cha Hilbre, Uingereza, kwa kuwa ramani inaonyesha ni karibu. Hapana. Upande huo una tope linalonasa mguu na mifereji yenye kina. Anzia mji wa West Kirby, kwenye mteremko wa mashua wa Dee Lane. Elekea Little Eye, kisiwa kidogo kuliko vyote, ndipo ugeuke kulia kwenda Middle Eye, kisiwa cha kati, kisha Hilbre. Ni kama kilomita 3 hivi, karibu saa nzima kwa mwendo wa kawaida.

Wakati ndio jambo lenyewe. Maji ya bahari yakishajaa, subiri angalau saa 3 ndipo uanze, na uondoke kisiwani angalau saa 3 kabla hayajajaa tena. Kagua kama jedwali la maji kujaa na kupwa limeandikwa kwa GMT, yaani saa za Greenwich. Kama ndivyo, majira ya kiangazi ongeza saa 1. Wengi huponzwa hapo. Mifereji hujaa mapema, huku mchanga mbele yako ungali mkavu. Ukichelewa, baki juu kisiwani mpaka maji yapwe. Ukungu ukitanda, ahirisha.

Beba maji ya kunywa. Kisiwani hakuna duka. Kituo cha telegrafu cha 1841 usikikose.